Bahasha ya Mzee wa Longopito: Kuwatafuta Waliosahaulika Katika Makaratasi ya Posta

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wazee, akina mama, walimu na vijana wa Wadi ya Oldonyiro

Najua wengine mmewaachia watoto mifugo ili mje hapa, na jua halimsubiri mtu, kwa hivyo nitaingia moja kwa moja katika jambo lililonileta.

Mara ya mwisho nilipokuja huku nilikuja kwa kazi ya kawaida ya ofisi yetu, kupiga picha sokoni na kuandika habari za bei ya mbuzi. Mzee mmoja wa upande wa Longopito aliniita kando. Alikuwa na kopo la bati, lile la maziwa ya unga, na ndani yake mlikuwa na risiti za kodi, kadi ya chama iliyofifia na bahasha moja. Barua yenyewe ililiwa na mchwa zamani, ikabaki bahasha. Mbele yake limeandikwa jina la marehemu baba yake, limekosewa herufi mbili. Chini ya jina pameandikwa "Oldo Nyiro", maneno mawili, na chini yake "kwa mkono wa D.C., Isiolo". Stempu ina majina ya nchi tatu: Kenya, Uganda, Tanzania. Muhuri ni wa Gilgil, mwaka 1967. Aliyeandika alikuwa baba yake mdogo, askari wa jeshi, akiwa kambini huko.

Mzee akaniuliza, "Mwanangu, karatasi hii inaweza kutuandikishia ardhi?"

Sikuwa na jibu. Mimi nilisomea uandishi wa habari, sikusomea sheria. Nikamwomba anipe muda, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, nikiuliza, na kupekua makaratasi ambayo si ya kazi yangu. Jibu fupi ni kwamba hapana, bahasha peke yake haiwezi. Jibu refu ndilo nimekuja nalo leo, kwa sababu mzee yule si yeye pekee mwenye kopo la bati.

Kwanza tuelewane kwa nini swali lile ni zito. Sehemu kubwa ya ardhi ya kaunti hii ni ardhi ya jamii. Katiba ya 2010, Kifungu cha 63, inaitambua, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikaeleza jinsi jamii inavyosajiliwa: jamii inajitaja kwa jina, inaandika orodha ya watu wake, inaweka kanuni zake, kisha msajili anaiingiza kitabuni. Mpaka hapo ardhi isipokuwa imesajiliwa, kifungu cha 6 cha sheria hiyo kinasema serikali ya kaunti inaishika kwa niaba ya wenyewe. Kuishika kwa niaba si kuimiliki, na mimi kama mtumishi wa kaunti nasema hivyo waziwazi. Lakini hao "wenyewe" ni akina nani? Orodha inaandikwa na watu, na watu husahau. Husahau ukoo uliohama wakati wa ukame ukarudi baadaye. Husahau mjane. Husahau familia iliyokuja na kazi ya barabara au ya duka, ikazika watu wake hapa. Anayesahauliwa siku ya orodha atahangaika miaka mingi kujirudisha.

Ndiyo maana nilianza kuangalia posta.

Vijana hamjui posta. Ninyi mlikuta simu mkononi, na tangu 2007 pesa zinatumwa kwa M-Pesa. Wazee wenu wanajua. Nchi hii haikuwa na desturi ya mtu wa posta kubisha hodi mlangoni mwako huku mashambani. Kulikuwa na sanduku. Sanduku lilikuwa na nambari, na nambari ilikuwa ya mtu mmoja au taasisi moja: chifu, shule, misheni, mwenye duka, D.C. Wengine wote walijibanza humo. Ukitaka kumwandikia mchungaji wa ng'ombe aliye Kipsing, unaandika jina lake, kisha "kwa mkono wa mwalimu fulani", kisha sanduku la shule. Mfuko wa barua ulifika kwa lori, na kabla ya lori kuzoeleka huku kaskazini, ngamia na tarishi wa miguu ndio waliobeba. Barua ikafika shuleni, mwalimu akaituma na mtoto, mtoto akampa mama yake, na mama akasubiri siku mumewe akirudi kutoka malishoni.

Sasa fikirieni nambari moja ya sanduku iliyotumiwa na watu mia. Ukikusanya bahasha zote zilizopita katika sanduku hilo, umepata orodha ya watu waliokuwa wakiishi kulizunguka. Hakuna karani aliyekaa akapanga kuwaandika. Wamejiandika wenyewe, au wameandikwa na ndugu zao walio Nairobi, Gilgil, Nanyuki na Mombasa. Kitabu cha kodi kiliwaandika wanaume waliolipa kodi. Ripoti ya D.C. iliandika alichokiona D.C. siku alizozunguka. Bahasha iliandika mtu ambaye nduguye alimkumbuka, na mahali ambapo nduguye aliamini atapatikana.

Kwa wilaya zetu jambo hili lina uzito wa pekee. Wazee mnakumbuka, au mlisimuliwa na baba zenu, kwamba eneo hili la kaskazini lilifungwa. Chini ya sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934 mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Kisha, wiki mbili tu baada ya Uhuru, tarehe 28 Desemba 1963, hali ya hatari ikatangazwa huku, na miaka ya Shifta ikaja na mengine ambayo sitayafungua leo. Katika miaka hiyo yote barua iliweza kupita mahali ambapo mwenyewe angesimamishwa kizuizini aonyeshe karatasi. Bahasha ya mzee wetu ni ya 1967. Mwaka huo kulikuwa na askari mmoja huko Gilgil aliyejua kwamba kaka yake yuko Oldonyiro, na akaamini barua itamfikia.

Niwape ufundi kidogo, maana utawafaa nyumbani. Mkiikuta bahasha ya zamani msikimbilie kuifungua. Itazameni kwa nje. Muhuri wa mviringo una jina la ofisi ya posta, tarehe na mwaka. Igeuzeni. Mara nyingi nyuma kuna muhuri wa pili, wa ofisi iliyoipitisha au kuipokea, na huo ndio unaoonyesha njia. Barua za huku zingeweza kushuka Isiolo, au kuingia kupitia Doldol na Nanyuki, na za jirani zetu wa Samburu kupitia Maralal. Anayeitafuta Oldonyiro katika karatasi za Isiolo peke yake atazikosa nyingi. Barua ya rejista ina kipande cha karatasi chenye herufi R, nambari na jina la ofisi.

Kama muhuri umefutika, stempu inasaidia. Stempu iliyoandikwa "Kenya and Uganda" bila Tanganyika ni ya kabla ya 1935. Yenye Kenya, Uganda na Tanganyika ilianza 1935, yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano, kisha George wa Sita, kisha Malkia Elizabeth kuanzia 1953. Kenya ilitoa stempu zake peke yake siku ya Uhuru, 12 Desemba 1963. Zile za Kenya, Uganda na Tanzania pamoja ni za kati ya 1965 na 1976, kabla jumuiya ya zamani haijavunjika mwaka 1977. Ukiona 60300 mbele ya neno Isiolo, hiyo ni ya miaka ya karibuni. Mtoto wa darasa la sita anaweza kujifunza haya kwa saa moja, na nawaomba walimu mlifikirie hilo.

Halafu kuna majina. Hapa ndipo nilipoteza wiki nzima. Nilikuwa natafuta neno "Oldonyiro" kama tunavyoliandika kwenye barua za kaunti. Karani wa zamani aliandika "Ol Donyiro", "Oldo Nyiro", "Ol Doinyo Nyiro", au alivyosikia tu. Tena kuna Mlima Nyiro, kule juu karibu na South Horr, ambao hauhusiani na hapa, na kuna mto Ewaso Nyiro wetu na mwingine wa jina hilohilo kule Narok. Kuna karatasi moja niliyoifurahia kwa siku tatu nzima, nikiwaambia wenzangu ofisini nimepata dhahabu, kumbe ilikuwa inazungumzia South Horr. Na jina la Archer's Post lisiwadanganye. "Post" ile si posta, ni kituo cha ulinzi, na Archer alikuwa afisa wa Kiingereza, Geoffrey Archer.

Majina ya watu ni magumu zaidi. Karani wa posta hakujua Kisamburu wala Kiturkana. Jina linaloanza na "Le" likaandikwa kwa "Ol", jina la Kiturkana likakatwa nusu, na mtu mmoja akawa watu watatu katika karatasi tatu. Dawa ya hili haiko Nairobi. Iko kwa bibi aliyeketi pale, anayejua kwamba wote watatu ni mjomba wake.

Nataka sasa niwaeleze habari ya mjini Isiolo, kwa sababu ni mfano wa wazi kuliko wote ninaoujua wa jamii iliyookolewa na barua zake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wasomali wa Isaaq na wa Herti waliokuwa wamewatumikia Waingereza kama askari walipewa nafasi kuzunguka Isiolo wakae na mifugo yao. Serikali ya kikoloni haikujua iwaweke fungu gani. Katika miaka ya 1930 kodi ya kichwa kwa wasio "wenyeji" ilipangwa kwa ngazi. Mhindi alilipa shilingi 30. Msomali aliwekwa ngazi ya chini, ya shilingi 20. Mtu angefikiri watashukuru. Hawakushukuru. Waisaaq walidai walipe 30, kwa sababu walijua kwamba ngazi ya kodi ndiyo ngazi ya haki: wodi utakayolazwa hospitalini, mahali utakapoishi, sheria itakayokuhukumu. Kuanzia 1936 hadi 1941 waliandika. Walimwandikia Gavana, wakaandika London kwa Waziri wa Makoloni, wakawaandikia ndugu zao waliokuwa Somaliland ya Waingereza wawasaidie kusukuma neno.

Kodi ile waliyoitaka ni jambo ambalo tunaweza kubishana nalo leo, maana kutaka kuhesabiwa na Mhindi ili usihesabiwe na Mwafrika kuna kidonda ndani yake. Wanahistoria wamelijadili sana. Lakini angalieni matokeo yake ya karatasi. Kwa sababu barua zile zilipita posta, zilipokelewa, zikagongwa mihuri na kuingizwa katika majalada. Majalada ya makoloni yapo hadi leo katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, huko Kew, London. Jamii hiyo ya Isiolo haiwezi kuambiwa kwamba ilifika juzi. Sahihi zake na tarehe zake zipo.

Sasa geukeni kusini. Mnauona msitu wa Mukogodo, upande wa Laikipia. Humo waliishi watu waliojiita Yaaku, watu wa asali na uwindaji, waliokaa mapangoni. Walikuwa na lugha yao, isiyofanana na Kimaa hata kidogo. Baada ya Wamaasai kuhamishwa kutoka Laikipia kati ya 1911 na 1913, na mipaka mipya kuchorwa, Wayaaku walijikuta wamezungukwa na wafugaji. Wakaanza kufuga, wakaoana nao, na katika kizazi kimoja au viwili wakaiacha lugha yao wakazungumza Kimaa. Mtaalamu wa lugha Bernd Heine alipofika miaka ya mwanzo ya 1970 aliwakuta wazee wachache tu walioijua.

Je, hao waliandikwa wapi? Katika karatasi za serikali wanaitwa "Dorobo", neno linalotokana na Kimaa la kumwita mtu asiye na ng'ombe, au wanaitwa kwa jina la msitu, "Mukogodo". Ukitafuta neno "Yaaku" katika makaratasi ya kikoloni unaweza kufunga jalada ukasema hawakuwako. Hawakuwa na sanduku la posta. Hawakuwa na kijana aliye London wa kuwaandikia barua. Jamii mbili zilizoishi safari ya siku chache tu kutoka moja hadi nyingine: moja inasomeka katika majalada kwa sahihi zake, nyingine inatajwa kwa jina la kupewa na watu wengine.

Nimewaeleza hizo mbili kwa pamoja ili tusije tukaiabudu bahasha. Rekodi ya posta inawaonyesha waliojua kusoma au waliokuwa na ndugu aliyejua. Inawaonyesha wanaume kuliko wanawake. Mama zetu, majina yenu hayapo mbele ya bahasha za 1967. Yapo ndani, katika mstari wa mwisho wa salamu, au hayapo kabisa. Inawaonyesha waliokuwa karibu na shule, misheni na duka, na kuwasahau waliokuwa malishoni, nao ndio waliokuwa wengi.

Kwa hivyo nifike kwenye jambo ambalo baadhi yenu mmelisubiri, na ambalo nilishauriwa nisiliguse. Hapa Oldonyiro tuna Wasamburu na tuna Waturkana. Tunakunywa maji ya mto mmoja na kuuza mbuzi katika soko moja. Niliposema nakuja kuzungumza juu ya makaratasi ya zamani, nilipokea simu mbili siku hiyohiyo, moja kutoka kila upande, na swali lilikuwa lile lile: "Karatasi zinasema nani alifika kwanza?"

Karatasi za posta hazisemi hivyo. Haziwezi kusema. Sanduku linaonyesha nani alikuwa na ufunguo wa sanduku. Ukikuta bahasha ya Mturkana ya 1955 na huna ya Msamburu ya mwaka huo, umejifunza kwamba Mturkana mmoja alikuwa na ndugu aliyeajiriwa mbali. Ukikuta kinyume chake, ni hivyo hivyo. Atakayesimama mkutanini na bahasha moja mkononi kumwambia jirani yake ahame atakuwa anatumia karatasi kusema uongo, na ofisi yangu haitamchapishia uongo huo.

Na zaidi ya hayo, sheria yenyewe haikuuliza nani alifika kwanza. Sheria ya 2016 inapoeleza maana ya jamii inataja asili moja, ndiyo, na inataja kabila. Lakini inataja pia njia moja ya maisha, masilahi ya pamoja, na eneo moja la kijiografia. Wafugaji wa makabila mawili wanaotumia malisho na maji yale yale wanaweza kusimama mbele ya msajili kama jamii moja. Sisemi ni lazima, huo ni uamuzi wenu na wazee wenu. Nasema tu kwamba mlango huo upo, na wengi hawajaambiwa.

Basi bahasha ya mzee wa Longopito inafaa nini? Inafaa siku ya orodha. Mtu akisema, "Familia hii hatuijui," bahasha inasema kwamba mwaka 1967 familia hii ilikuwa na anwani, na anwani ilikuwa hapa. Ikiwekwa pamoja na risiti ya kodi, na kitabu cha shule, na ushahidi wa wazee watatu wanaokumbuka boma lilipokuwa, inakuwa uzi katika kamba. Nilimwambia mzee hivyo. Akanyamaza, akairudisha bahasha katika kopo, akasema, "Kwa hivyo bado ni ya kutunza." Nikamwambia ndiyo.

Lipo na jambo la pesa, nalisema haraka lakini lisikieni. Benki ya Posta ilianza 1910, na watu wengi wa mbali waliweka akiba humo kwa sababu hakukuwa na benki nyingine. Kama marehemu baba aliacha kitabu cha akiba, msikichome pamoja na nguo zake. Akaunti iliyolala miaka mingi bila kuguswa hupelekwa kwa mamlaka ya serikali inayoshika mali zisizodaiwa, chini ya sheria ya 2011, na warithi wana haki ya kudai. Kuuliza hakulipiwi. Mtu akikuomba pesa kwanza ili "akufuatilie", huyo ni tapeli.

Wengine mtaniuliza vitabu vya posta yenyewe viko wapi. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ipo Nairobi, kwenye barabara ya Moi, jengo ambalo zamani lilikuwa benki. Ilianzishwa 1965. Kwa kawaida karatasi za serikali zilizotimiza miaka 30 mwananchi yeyote anaweza kuomba kuzisoma, na humo zimo ripoti za kila mwaka za wilaya zetu. Gazeti Rasmi la Serikali limechapishwa tangu 1899, na matoleo yake mengi yanasomeka bure kwenye intaneti. Ukitafuta humo kwa nambari ya sanduku badala ya jina la mtu, utashangaa. Matangazo ya urithi yanataja sanduku la anayeomba, na sanduku halikosewi herufi.

Lakini rejista za ofisi ndogo za posta, zile zilizoandikwa kwa kalamu nani ana sanduku lipi, nyingi hazikufika huko. Nilizuru ofisi moja, sitaitaja, nikaambiwa zilitolewa wakati wa kupaka rangi na hakuna aliyeuliza zilikwenda wapi. Mwenye duka la jirani alinionyesha kurasa mbili alizokuwa akifungia misumari. Nilizinunua pamoja na misumari. Ukurasa mmoja una mstari unaosema sanduku fulani limefungwa kwa sababu mwenyewe "amehama", na hakuna zaidi ya hapo.

Nje ya nchi kuna waliolifanya jambo hili wakafika mbali. Huko Marekani, idara ya posta ilipofungua ofisi mpya ilimtaka msimamizi wake ajaze fomu: mto wa karibu uko umbali gani, ofisi ya posta ya jirani iko wapi, na achore ramani ndogo. Fomu hizo za kuanzia 1837 hadi 1950 zimehifadhiwa, na leo watu wanazitumia kutafuta vijiji ambavyo havipo tena kwenye ramani yoyote. Sisi hatukuwa na fomu kama hiyo. Kwetu ramani imegawanyika vipande vipande katika makopo ya maziwa ya unga.

Na makopo hayo yanauzwa. Wapo wakusanyaji wa stempu Ulaya, waungwana wengi wao, wanaojua historia ya posta yetu kuliko sisi. Mwingereza mmoja, Edward Proud, aliandika kitabu kizima cha historia ya posta ya Kenya, kikatoka 1992. Lakini wapo pia wanunuzi wanaopita mijini wakitafuta bahasha za zamani kwa bei ya soda. Mkiuza, uzeni mkijua mnachouza. Na kabla ya kuuza, ipigwe picha.

Hilo ndilo ninaloomba leo. Nimekuja na kamera na kijana mmoja wa kuandika. Nitakaa chini ya mti huu mpaka saa kumi, na wiki zijazo tutapita Kipsing na Longopito. Leteni bahasha, risiti, kitambulisho cha zamani cha babu, barua ya kuitwa shule. Tutapiga picha mbele na nyuma, tutaandika jina la aliyeileta na maelezo yake ya nani ni nani, na karatasi yenyewe itarudi mkononi mwako papo hapo. Hakuna itakayobaki na mimi. Asiyetaka jina lake lichapishwe katika jarida letu aseme tu, halitachapishwa.

Barua za ndani bakini nazo. Barua ni ya aliyeandikiwa na warithi wake, na humo mna mambo ya mahari, ya madeni, ya magonjwa. Sitaki kuyasoma. Nataka upande wa nje tu, ule ambao karani, tarishi na kila aliyeubeba mfuko aliusoma.

Akina mama, ninyi nawaomba kitu kingine. Kwa kuwa majina yenu hayakuandikwa mbele, njooni na wanaume wenu wanapoleta bahasha, mtuambie nani aliipokea barua siku ilipofika, nani alikwenda kuisomesha kwa mwalimu, na boma lilikuwa upande gani wa lugga. Kijana ana daftari tofauti la hayo.

Mzee wa Longopito amekuja, namwona kule nyuma na kopo lake. Mzee, karibu, utakuwa wa kwanza.